Tangazo la Noella wa Rurambo

Héritier alimwambia Noella asimame, naye akasimama. Akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, naye akatembea, mkono mmoja umeshika tumbo la miezi minane na mwingine umekamata kitenge kisije kikafunguka mbele ya wanaume. Walikuwa tisa, wamekaa kwenye viti vya mbao katika nyumba ya chama cha machela cha Rurambo. Alipofika tena mahali pake, wawili watatu walikuwa wanachekea viganjani.

“Mumeona?” Héritier akawauliza wenzake. “Huyu iko natembea muzuri. Muntu mwenye iko natembea, tipoyi ya nini?”

Machela, ambayo watu wa kule huiita tipoyi, ndiyo gari la wagonjwa la milimani. Ni kitanda cha mianzi chenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne wanakibeba mabegani na wengine wanne wanatembea kando wakingoja zamu. Barabara haifiki Rurambo. Mgonjwa anashushwa hivyo kwa saa sita, mito miwili, hadi bondeni kwenye magari, na akifia huko anapandishwa hivyo hivyo. Kila nyumba inatoa mwanamume mmoja, na Basile, mume wa Noella, alikuwa amebeba mama na wajomba za watu kwa miaka mitatu bila kukosa zamu hata moja. Siku hiyo alisimama nyuma ya mke wake akiangalia vidole vya miguu yake mwenyewe.

Noella alijieleza mara ya pili, polepole, kama mtu anayewasomea watoto. Mtoto wake wa kwanza, Annie, alitolewa kwa kupasuliwa, wakati ule wao wanakaa bado Uvira, hospitali ikiwa karibu. Sasa muuguzi wa zahanati amesema mshono wa zamani unaweza kupasuka kwa ndani uchungu ukianza, na mtu akipasuka hivyo huku juu hafiki hata mto wa kwanza. Inabidi ashuke mapema, alale kwenye nyumba ya wajawazito iliyo karibu na hospitali, angoje siku yake ya kupasuliwa. Kushuka kwa miguu amekatazwa, kwa sababu juma lililopita alibeba dumu moja tu la maji, mshono ukamuuma na damu kidogo ikatoka.

Neno damu liliwafanya wanaume waangalie dari. Héritier, ambaye ni mkubwa wa chama na mwenye funguo za nyumba ile, alikohoa akasema sheria za machela ni za wazee na yeye amezikuta. Machela ni ya mtu aliyelala, wala si ya mtu aliyesimama. Tena kuna jambo lingine, na hapo akashusha sauti.

“Tipoyi ikitoka mu nyumba yake, haiwezi kurudi bule. Ikirudi bila muntu, itajitafutia muntu yake mbele ya mwezi kuisha. Minye siwezi kuitosha inje juu ya mwanamuke mwenye iko na nguvu. Uchungu ikianza, mutatuma muntu, tutakuja mbio.”

“Mukikuja mbio, mutanikuta nimeisha kufa,” Noella akasema.

Héritier akajibu kwamba kikao kimefungwa. Walipotoka, Basile alimwambia mkewe kwamba pengine angeongea kwa upole zaidi. Noella alikuwa anahesabu juma moja moja kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vilimtosha.

Nyumbani walikuwa na vita vingine, vya kimya kimya, kati ya Noella na mama mkwe wake, Pudentienne.

Vita vyenyewe vilikuwa hivi. Asubuhi Noella alifunga mzigo wake wa kwenda kujifungulia: vitenge viwili, sabuni, wembe mpya, nguo za mtoto alizoshonewa na dada yake. Jioni, akirudi kutoka kuchuma mboga, alikuta mzigo umefunguliwa, vitenge vimerudishwa kwenye kamba, sabuni imerudi kwenye beseni, na nguo za mtoto zimefichwa mahali palipomchukua nusu saa kupapata. Kesho yake alifunga tena. Mama mkwe akafungua tena. Siku kumi na mbili hivyo, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Usiharakishe kumchukia Pudentienne. Alizaa watoto saba katika chumba kile kile, kwenye mkeka, na kwa desturi aliyolelewa nayo mimba haihesabiwi miezi kwa sauti wala mtoto hanunuliwi nguo kabla hajalia. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Alikuwa na binti, Louise, aliyerudi nyumbani kujifungua miaka miwili iliyopita. Louise alihangaika na uchungu siku mbili, wakubwa wakisema bado, bado. Siku ya tatu machela ikaitwa, akabebwa mbio, na kati ya mto wa kwanza na wa pili akakata roho na mtoto wake tumboni. Machela iliyomchukua ndiyo iliyomrudisha. Tangu siku hiyo kila machela ilipopita njiani Pudentienne alifunga mlango na kukaa gizani hadi ipite, na jina la Louise halikutajwa tena ndani ya nyumba. Kwake yeye, kumpandisha mtu kwenye machela na kumzika kulikuwa kazi moja.

Jioni ile ya kikao alijua kila kitu kabla hawajafika, maana Rurambo maneno hupita njia ya mkato. Aliwapakulia chakula akasema tu kwamba wakubwa wameamua, na wakubwa wakiamua nyumba inapumzika.

“Mama,” Noella akasema, “nyumba inapumzika, lakini minye sitapumzika.”

Pudentienne akaangalia sufuria. Basile akala haraka akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote. Hakuwa mtu mbaya, Basile. Alikuwa mtu wa kungoja, na watu wa kungoja hupendwa sana na mama zao.

Redio ya nyumba ilikuwa yake, nayo ilikwenda na ng'ombe. Ndiyo desturi ya wachungaji wote wa kule: redio inafungwa kwenye kamba begani, asubuhi inapanda malishoni, jioni inarudi na betri zimechoka. Kwa hiyo mambo yote ambayo redio ya jamii ya bondeni iliwaambia kina mama mchana, yalisikiwa na wanaume na ng'ombe. Ajabu ni kwamba mlimani ilishika vizuri kuliko huko bondeni inakotangazwa.

Noella alikuwa amepata dawa ya jambo hilo. Kila Alhamisi, na Alhamisi tu, alimpelekea mumewe chakula cha moto malishoni, akaketi kando yake hadi saa kumi, wakati wa kipindi cha “Saa ya Mzazi”. Mtangazaji alikuwa mama mmoja wa Kiringye huko bondeni, Domitille, aliyekuwa mkunga kwa miaka ishirini kabla ya kuingia redioni. Sauti yake haikuwa na sukari. Aliongea kama mkunga anavyoongea na mtu anayebana miguu.

Alhamisi hiyo hakufundisha kitu. Alisema amechoka. Alisema kila Jumamosi yeye ndiye anayesoma matangazo ya vifo, na kila mwezi kuna mama aliyefia kwenye uzazi, na familia inaandika majina ya wajomba wote kuanzia Mulenge hadi Bujumbura ili pasikosekane mtu wa kulia. “Bwana moja tu anieleze,” akasema. “Mbona hamuniletee tangazo ya mama mwenye angali muzima? Mwenye anatafuta bantu ba kumubeba leo? Juu ya mufu bantu miya mbili banakuja. Juu ya muzima, moja haiko.”

Kisha akacheza wimbo wa kwaya, kwa hasira.

Noella alimwangalia mumewe. Basile aliangalia ng'ombe. Mume alipokwisha kula, Noella akakusanya sahani na kumwomba kalamu aliyokuwa akiandikia madeni ya maziwa. Basile akampa bila kuuliza ya nini, na hadi leo anajisifu kwamba na yeye alichangia.

Barua ya Noella kwa Domitille ilishuka Ijumaa ndani ya gunia la maharage la Ndayisenga, jirani ambaye huenda sokoni bondeni kila juma. Ndayisenga aliambiwa asimwonyeshe mtu. Aliwaonyesha watu wawili tu, na wote walikuwa wanawake, na wote walisema apite haraka.

Redio yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya ghala la mchele huko Kiringye, na mkurugenzi wake aliitwa Marcellin, mtu msafi, mwenye kupenda karatasi. Domitille alipomwekea barua mezani, Marcellin aliisoma mara mbili, akainuka, akaenda kusimama mbele ya ubao wa bei uliobandikwa ukutani. Ulikuwa na mistari mitatu: kifo, mali iliyopotea, mkutano. Akauliza hili ni lipi kati ya hayo.

Domitille akasema si lolote.

Basi haliwezi kusomwa, Marcellin akasema, kwa sababu litaandikwa wapi? Tena halina sahihi ya mkubwa wa nyumba. Tangazo la familia huletwa na familia. Huyu ni mwanamke ameandika peke yake kwenye karatasi ya mtoto wa shule. Kesho mume atakuja hapa na panga, na wazee wa mlimani watasema redio inatukana desturi zao. Alisema yote hayo kwa adabu, akipanga kalamu zake.

“Shefu,” Domitille akamwambia, “yeye haiko familia?”

Marcellin akasema anaelewa anavyomaanisha.

“Hapana, hauelewe. Minye nilizalisha bamama miaka makumi mbili. Huyu, uchungu ikimushika kule juu, ataisha. Kama unataka, tuache barua hapa juu ya meza. Tungoje majuma tatu. Ile wakati utaiandika ku mustari ya kwanza, sahihi ya mubwana itakuwa, feza itakuwa, na minye njo nitasoma.”

Jenereta ilikuwa inanguruma nje. Marcellin alikuwa na mke na mabinti wawili, na hakupenda kukumbushwa jambo hilo kazini. Hatimaye alichukua muhuri, akaupiga juu ya barua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akasema lisomwe, lakini lisomwe ndani ya saa ya matangazo, kwa utaratibu wa saa ya matangazo, bila kubadilisha nukta. Domitille akakubali.

Kosa lao lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la watu wanaojua kazi yao kupita kiasi. Saa ya matangazo hufunguliwa na wimbo wa kwaya wa msiba, ule ule, miaka tisa. Kila tangazo huanza kwa jina la familia, kisha wanaoarifiwa, kisha anayehusika, na habari yenyewe ndiyo ya mwisho. Domitille alikaa jioni hiyo akaliandika vizuri hivyo hivyo. Mkono wake ulikuwa haujui namna nyingine.

Jumamosi, saa sita na nusu, milima yote husikiliza. Wanaolima wanasimama, wanaochota maji wanatua madumu, mchungaji anainua redio juu. Wimbo wa msiba ukapita. Kisha sauti ya Domitille:

“Familia ya Basile wa Rurambo inawaarifu ndugu, jamaa na marafiki wote wa Mulenge, wa Kiringye, wa Uvira hadi Bujumbura, habari inayomhusu Noella, mke wa Basile, mama wa Annie…”

Hakuna aliyesikia zaidi ya hapo. Ukelele wa kwanza ulitoka kilima cha upande wa pili, wa pili ukaupokea, na baada ya kitambo kidogo milima ilikuwa inalia. Basile aliangusha redio kwenye majani, ikaendelea kuongea peke yake na ng'ombe, naye akateremka mbio, fimbo mkononi. Pudentienne alikuwa shambani kwa jirani. Alimwacha Noella asubuhi anafagia uwanja, lakini na Louise alikuwa anafagia asubuhi ile uchungu ulipomshika. Alivua kilemba, akakitupa, akaanza kukimbia huku anaita jina ambalo hakuliita kwa miaka miwili, na halikuwa la Noella.

Hakuna aliyejiuliza redio ya bondeni ilipataje habari kabla ya mume. Kule milimani kifo hutangulia redioni, mtu anathibitisha baadaye.

Walipofika, wanawake na mikeka na kuni na vikapu vya unga, wanaume na majembe ya kuchimbia, walimkuta marehemu amekaa mlangoni anamenya viazi. Annie alikuwa kando yake anacheza na maganda.

Watu wa mbele walisimama ghafla, wa nyuma wakawasukuma. Mtu mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Noella naye alishangaa, maana hakupanga hivyo, na vilio vya milimani alidhani ni vya msiba mwingine. Alitegemea maneno, pengine matusi, pengine Héritier aje peke yake kugomba. Aliona nyuso zilizolowa, akaona kuni vichwani, na polepole akaelewa wamekuja kufanya nini. Alisimama na kisu chake na kiazi.

Pudentienne alipenya kati ya watu akafika mbele. Alimshika mkwewe mashavuni kwa mikono miwili, akamgusa shingo, mabega, tumbo. Kisha alipokwisha kuhakikisha, akampiga kofi.

“Umejililia,” akasema. “Umejililia weye mwenyewe ku redio. Unatafuta kifo ikuje mu nyumba yangu mara ingine?”

“Sikujililia, Mama. Niliomba banibebe.”

“Banibebe! Tipoyi ile njo ilikula mutoto yangu!”

“Tipoyi haikumukula,” Noella akasema. Shavu lilikuwa linawaka na machozi yanamtoka, lakini sauti haikuyumba. “Louise mulimubeba siku ya tatu. Siku ya kwanza mulimuambia bado. Siku ya pili mulimuambia bado. Kama mungemubeba siku ya kwanza, angekuwa hapa ananisaidia kumenya hivi viazi. Minye sitaki siku ya tatu, Mama. Nataka leo.”

Palikuwa na watu zaidi ya mia, na wote walisikia. Jina lilikuwa limetajwa. Wanawake waliokuwapo siku mbili zile za Louise, wale waliosema bado, waliangalia chini kila mmoja peke yake.

Ndipo Noella akaiona. Héritier na vijana wake walikuwa wamefika nyuma ya watu, wanahema, na mabegani wana machela. Walikuwa wamekimbia nayo kilomita tatu kuja kuchukua maiti kwenda makaburini.

Alimwendea, watu wakimpisha. Alitembea polepole ili kila mtu aone anatembea.

“Papa Héritier, mumeitosha inje.”

Héritier alisema ni kosa la redio. Alisema atakwenda kumshtaki yule mama wa Kiringye.

“Utaenda, lakini ile tipoyi iko inje. Ulisema haiwezi kurudi bule. Banaume bote tisa balisikia. Itarudi na nani sasa? Chagua muntu humu, tuone. Ama ni minye, ama ni mwengine.”

Watu wakaanza kuangaliana. Mzee mmoja aliyesimama karibu na machela akasogea hatua mbili pembeni, na mke wake akamfuata. Vijana wa Héritier walikuwa wameshika miti bado na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitua wala wa kwanza kugeuka nayo. Héritier akasema sheria inataka mtu aliyelala.

“Basi nitalala,” Noella akasema, akaingia ndani kuchukua mzigo wake.

Ulikuwa umefunguliwa, bila shaka. Akaanza kukusanya, kitenge kwenye kamba, sabuni kwenye beseni. Nguo za mtoto hakuziona, na hakuwa na nusu saa ya kutafuta. Alipotoka alikuta mama mkwe wake amesimama kwenye njia, mikono imepanuliwa, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Alikuwa anatikisa kichwa tu.

Hapo Basile, ambaye tangu afike alikuwa amekaa chini akivuta pumzi, akainuka. Alimpokea mkewe mzigo. Alikwenda akamwondoa kijana mmoja kwenye mti wa mbele akaingiza bega lake.

“Mama,” akasema, “toka mu njia.”

Alisema bila ukali, lakini alikuwa hajawahi kumwambia hivyo tangu azaliwe. Mikono ya Pudentienne ikashuka yenyewe. Alitoka njiani akaenda kukaa juu ya kuni ambazo watu walileta kwa ajili ya matanga, na Annie akaenda kukaa magotini pake.

Wakambeba saa nane kasorobo. Wanawake hawakujua waimbe nini, nyimbo za machela zikiwa zote za msiba, basi wakamsindikiza hadi mwisho wa kijiji wakipiga kelele tu, kila mmoja yake. Unga ulikuwa umekwisha letwa na maji yalikuwa yanachemka. Waliobaki wakapika wakala, wakasema chakula cha matanga hakijawahi kuwa kitamu hivyo.

Kushuka hakukuwa sherehe. Machela inapinda mgongo, na kwenye mteremko kichwa kinakwenda chini ya miguu. Vijana walinung'unika njia nzima kwamba maiti ni nyepesi, haihami upande. Kila walipokutana na watu, watu walivua kofia na kuinamisha vichwa, na Noella, aliyeambiwa alale kama sheria inavyotaka, aliinuka kwa kiwiko akawasalimu. Mama mmoja aliyekuwa na mzigo wa mihogo alipiga yowe akaketi katikati ya njia.

“Mufu iko wapi?” akauliza alipopata sauti.

“Haiko. Minye naenda kuzaa.”

“Unaumwa?”

“Sijaumwa bado.”

Yule mama alitafakari jambo hilo. Kisha akauliza kama wanabeba na wa kijiji kingine, na Héritier akajibu kabla ya mtu yeyote kwamba hapana, hii ni mara moja, ni kosa, haitarudiwa. Alilirudia neno hilo kwenye mito yote miwili. Kwenye mto wa pili maji yalikuwa kifuani, wakainua miti juu ya vichwa, na Basile aliteleza, akagonga goti kwenye jiwe, lakini bega lake halikuachia. Walifika barabarani giza likiwa limeingia. Usiku huo Noella alilala kwenye nyumba ya wajawazito, Uvira, kwenye godoro jembamba, kati ya wanawake saba waliotaka aanze habari yake mwanzo.

Alipasuliwa siku ya kumi na moja. Mtoto alikuwa wa kike, kilo tatu na zaidi, mwenye hasira. Daktari alimwambia Basile kwamba mshono wa zamani ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu, na kwamba uchungu wa saa mbili tu ungetosha. Basile alikwenda nje, akasimama mahali wanaume wengine wanaposimama, akalia bila kujificha.

Habari ilipanda mlimani kwa simu ya Ndayisenga, ambaye alikwenda hadi ncha ya kilima pale mtandao unaposhika na kuipigia kelele kuelekea nyumba zote. Pudentienne aliisikia akiwa uani. Hakusema asante kwa mtu. Aliingia chumbani, akavuta kutoka chini ya godoro lake mfuko wenye nguo za mtoto, akazifua zote, ingawa zilikuwa safi, akazianika mbele ya nyumba ambapo kila mpita njia aliweza kuziona. Kisha akatoka akaenda kwa watu.

Héritier alikuwa amekwisha andika kwenye daftari la chama kwamba tukio la mama Annie lilikuwa la bahati mbaya na halitakuwa mfano. Alikuwa amewasainisha wote tisa. Bega lake lilikuwa linauma bado, na Jumatatu asubuhi alifungua mlango wa nyumba yake akiwa amedhamiria kulala hadi mchana.

Uwanjani walikuwa wameketi wanawake watatu, kila mmoja na tumbo lake na mzigo wake uliofungwa. Nyuma yao alisimama Pudentienne, kilemba kimefungwa vizuri, kama anayekwenda misa.

Aliwauliza nani amewatuma. Wanawake wakamwangalia Pudentienne, na Pudentienne akamwangalia yeye. Akawaambia kuna daftari, kuna sahihi, kuna uamuzi wa wakubwa. Akawaambia warudi nyumbani, uchungu ukianza watatuma mtu. Akasema mengi, na kadiri alivyosema wao walikaa vizuri zaidi, mmoja akanyoosha miguu, mwingine akafungua kiazi chake cha kuchoma akaanza kula.

“Papa Héritier,” Pudentienne akasema alipoona amemaliza, “minye nimechoka kulia bantu.”

Akaweka mkono juu ya bega la msichana wa katikati, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye tumbo kubwa kuliko wote.

“Huyu iko na mapacha,” akasema. “Utaanza na yeye. Ita bantu bako.”